Jinsi ya Kuchagua Intakula ya Gari la Turbo kwa Joto la Malindi: Mwongozo Kamili

Kaskazi inapokaza, kati ya Januari na Machi, maswali huwa ni yale yale. Mwenye Forester amenunua intakula (kipozeo cha hewa kinachokaa kati ya turbo na injini) kubwa kuliko zote dukani, ameifunga mbele ya rejeta, na sasa mshale wa joto unapanda kila akikwama nyuma ya tuktuk Barabara ya Lamu. Mwenye Hilux amebadilisha intakula lakini gari bado linachoka likirudi na mzigo kutoka Kakoneni. Wa tatu amefunga kila kitu kipya, na kiyoyozi chake kimeanza kutoa hewa ya vuguvugu.

Wote watatu wamechagua kwa macho. Intakula huchaguliwa kwa kipimo cha joto na kwa njia ya upepo unaopita kwenye gari lako wewe. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kupima, na dukani tutafika baadaye.

## Namba za kuweka kichwani

Turbo hubana hewa, na hewa ikibanwa hupata joto. Chukua mchana wa nyuzi 33 hapa Malindi. Turbo inayosukuma busti (msukumo wa hewa juu ya kanieneo ya nje) ya psi 14.5, yaani jumla ya mara mbili ya kanieneo ya hewa hapa usawa wa bahari, ikiwa na ufanisi wa asilimia 70, hutoa hewa ya nyuzi 128 hivi. Intakula yenye ufanisi wa asilimia 70 huishusha hewa hiyo hadi nyuzi 62 hivi. Ya asilimia 80 huifikisha 52. Hakuna intakula ya hewa itakayoishusha chini ya zile 33 za nje, hata uambiwe nini.

Tofauti ya nyuzi 10 si ndogo. Hewa ya joto ni nyepesi, kwa hiyo injini hupata hewa kidogo kwa busti ile ile. Kwenye petroli kuna la zaidi: hewa ikiwa moto mno, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati na injini hugonga. Kompyuta ikihisi hivyo huchelewesha cheche ili kulinda pistoni, na wewe unahisi gari limekuwa zito. Magari yetu mengi ya turbo yametoka Japani, ambako petroli ya daraja la juu hufika oktani 100. Petroli yetu ya kawaida iko chini ya hapo, kwa hiyo nafasi ya kuvumilia joto ni finyu zaidi kwetu.

Dizeli haigongi namna hiyo, ila hewa moto hupandisha joto la moshi wa ekzosi. Ukivuta mzigo kwa muda mrefu, joto hilo ndilo linalochosha turbo na pistoni.

Jambo moja kuhusu ushauri wa mafundi wa Nairobi: usiuchukue mzimamzima. Kule hewa ni nyepesi, na turbo hubana kwa uwiano mkubwa zaidi ili kufikia busti ile ile, lakini hewa ya kuanzia ni ya baridi. Huku hewa ni nzito na ya moto, na chumvi ya bahari iko kila mahali. Intakula inayomfaa mtu wa Thika Road inaweza isikufae wewe wa Maweni.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

- Kisomaji cha OBD (tundu la kusomea kompyuta ya gari) kinachounganishwa na simu
- Kipimajoto cha waya aina ya K, chenye nyaya mbili
- Geji ya busti, na ya pili ya kuazima ikipatikana
- Kompresa yenye geji, hata ile ya kujazia magurudumu
- Kifuniko cha kupimia uvujaji: kipande cha PVC kinachoingia kwenye mpira wa mdomo wa turbo, kimezibwa upande mmoja na kutiwa vali ya gurudumu
- Sabuni ya maji kwenye chupa ya kunyunyizia
- Futi kamba, kadibodi na mkasi
- Dawa ya kuondoa grisi au mafuta ya taa, na brashi laini
- Povu gumu la kuzibia mianya, lile lisilonyonya maji
- Daftari na kalamu

Vyote hivi pamoja ni nafuu kuliko intakula moja isiyofaa.

## Hatua ya 1: Pima gari kama lilivyo sasa

Jua kwanza sensa yako iko wapi. Hapa ndipo wengi hupotea. Subaru nyingi za injini ya EJ husoma joto la hewa ndani ya sensa ya kupima hewa, karibu na chujio, kabla ya turbo. Namba utakayoiona kwenye simu ni ya hewa inayoingia, na haikuambii chochote kuhusu intakula. Volkswagen na Audi nyingi za TSI (petroli yenye turbo) husoma kwenye manifoldi, bomba linalogawa hewa kwa silinda, baada ya hewa kupozwa, kwa hiyo namba yao inafaa. Dizeli nyingi za kisasa zina sensa mbili, moja kabla na moja baada.

Kama huna hakika, endesha na uangalie. Turbo ikifanya kazi kwa nguvu na namba isitikisike, sensa iko kabla ya turbo.

Katika hali hiyo, mwombe fundi atoboe bomba la alumini lililo karibu na manifoldi, alikate uzi wa skrubu, kisha afunge waya wa kipimajoto hapo. Tahadhari: bomba litolewe kwanza kwenye gari. Vumbi la chuma likiingia ndani, safari yake inaishia kwenye silinda. Kuufunga waya juu ya ngozi ya bomba kutakupa picha ya kiasi, lakini namba itakuwa chini ya ukweli na itachelewa kupanda.

Chagua saa na njia. Pima kati ya saa saba na saa tisa mchana, siku ya jua kali, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Ukipima usiku utajidanganya. Chukua mtu wa kusoma na kuandika, dereva abaki na usukani.

Anzia mjini, upite Barabara ya Lamu polepole kwenye msongamano kwa robo saa. Kisha toka kuelekea kaskazini, vuka daraja la Sabaki, na ushikilie kilomita 80 kwa saa hadi karibu na Mambrui. Mwisho, mahali penye lami nzuri pasipo na watu, mifugo wala matuta, vuta gia ya tatu kwa nguvu mara moja kwa sekunde chache.

Andika kwa kila kipande: joto la nje, joto la hewa baada ya intakula, busti, mshale wa rejeta na hali ya kiyoyozi. Ukiwa na waya wa pili, uweke kwenye bomba linalotoka turbo.

Soma ulichoandika. Kwenye mwendo wa kilomita 80, hewa inayoingia kwenye injini ikiwa nyuzi 10 hadi 15 juu ya joto la nje, intakula yako inafanya kazi. Kwenye msongamano, intakula iliyo juu ya injini inaweza kupanda nyuzi 30 au 40 juu ya joto la nje. Hilo ni joto la injini kuipika kutoka chini. Angalia basi inachukua muda gani kushuka ukianza kwenda. Ikishuka ndani ya dakika moja au mbili, si tatizo la kununulia intakula mpya. Ikikataa kushuka, upepo haufiki.

Ukiwa na nyaya mbili, tafuta ufanisi wenyewe. Toa joto la kutoka kwenye joto la kuingia, kisha gawanya kwa tofauti ya joto la kuingia na joto la nje. Mfano: kuingia 128, kutoka 62, nje 33. Tofauti ya kwanza ni 66, ya pili ni 95. Ufanisi ni asilimia 69.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa mmoja wa namba unaoweza kumwonyesha fundi yeyote bila kumsimulia hisia.

## Hatua ya 2: Isafishe uliyo nayo

Sheria ya Kenya inaruhusu kuingiza gari lililotumika lisilozidi miaka 8, kwa hiyo intakula inayofika Mombasa mara nyingi imeshakula miaka kadhaa ya mvuke wa oili na vumbi. Halafu inakuja kuongezewa ya hapa.

Fungua boneti ya Forester inayolala chini ya mivinje pale ufuoni, uvue kifuniko cha plastiki, uangalie uso wa intakula. Utakuta majani ya mvinje, yale membamba kama sindano, yamejipanga wima ndani ya mapezi (vibati vyembamba vinavyotoa joto), yameshikana kwa mchanga na chumvi hadi huoni mwanga upande wa pili. Upepo unaingia kwa skupu, lile tundu lililoinuka juu ya boneti, unagonga ukuta huo na kupita pembeni. Gari kama hilo halihitaji intakula mpya. Linahitaji asubuhi moja ya kazi.

Toa intakula. Nje, ipulize kwa hewa kutoka upande wa ndani kwenda upande wa mbele, yaani kinyume cha njia ya upepo, kisha ioshe kwa maji baridi yenye sabuni na brashi laini. Mashine ya kuoshea magari usiisogeze karibu, itayalaza mapezi.

Ndani, mimina dawa ya grisi au mafuta ya taa, ziba midomo, tikisa, acha ilale, mwaga. Rudia hadi kinachotoka kiwe safi. Suuza, kisha ikaushe juani mdomo ukiangalia chini, siku nzima.

Tahadhari kubwa, hasa kwa dizeli: mafuta yaliyobaki ndani yatanyonywa na injini kama chakula. Injini ya dizeli ikipata mafuta kwa njia ya hewa inaweza kukimbia yenyewe bila wewe kukanyaga, na kuzima ufunguo hakutaisaidia. Usiirudishe hadi iwe kavu kabisa na harufu imekwisha.

Usitumie soda ya kuzibulia mabomba wala dawa yoyote kali ya aina hiyo. Inakula alumini.

Utando mwembamba wa oili ndani ni kawaida. Ukimwaga oili inayojaza kikombe, tatizo liko kwenye sili za turbo au kwenye mfumo wa upumuo wa injini. Litengeneze hilo kwanza, la sivyo hata intakula mpya itajaa vile vile.

Kabla ya kuirudisha, angalia povu linaloziba kati ya boneti na intakula. Kwenye magari ya skupu povu hili huoza kwa joto na kubomoka. Likikosekana, upepo wa skupu humwagika pembeni. Kata jipya, libandike, funga boneti. Ukitia unga kidogo juu ya povu kabla ya kufunga, alama kwenye boneti zitakuonyesha mahali pasipogusa. Kinga ya bati juu ya turbo nayo irudishwe. Mafundi wengi huitoa ili wafikie nati, kisha huisahau sakafuni.

## Hatua ya 3: Pima uvujaji

Hatua hii hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayomaliza malalamiko mengi bila kununua chochote. Mpira uliopasuka chini ya klipu hauonekani ukiwa umetulia; hufunguka busti ikija.

Chomoa mpira unaoingia kwenye turbo, baada ya sensa ya kupima hewa, na ufunge kifuniko chako cha PVC. Jaza hewa polepole hadi kiwango cha busti ya kawaida ya gari lako, usizidishe. Nyunyiza sabuni kwenye kila kiungo, kwenye kona za intakula na mahali tangi la plastiki la pembeni mwa intakula linapobanwa na alumini.

Tahadhari: usisimame mbele ya kifuniko. Kikiruka kinaumiza.

Hewa kidogo itasikika ikitoka kwa upumuo wa injini au kifuniko cha oili, kwa sababu inapita kwenye vali na pete za pistoni. Hiyo isikutishe. Mapovu kwenye mpira au kwenye intakula ndiyo unayoyatafuta.

Dalili za uvujaji barabarani ni moshi mweusi ukikanyaga, turbo kulia kuliko kawaida, na mafuta kuisha haraka. Kompyuta ilishaipima hewa hiyo na kuitolea mafuta, lakini hewa imetorokea njiani.

Baada ya hatua ya 2 na ya 3, rudia safari ya hatua ya 1. Namba zikiwa nzuri, acha hapo, pesa yako ibaki mfukoni. Zikiwa mbaya bado, au kama umeongeza nguvu za injini, endelea.

## Hatua ya 4: Amua itakaa wapi

Uamuzi huu ni mzito kuliko ukubwa.

Juu ya injini, chini ya skupu. Ndivyo zilivyo Subaru nyingi na Hilux za D-4D. Mabomba ni mafupi na turbo huitikia haraka. Muhimu kwetu: haizuii rejeta wala kondensa ya kiyoyozi. Ubaya wake ni kupikwa na injini ukisimama. Kwa gari la kila siku lenye nguvu zake za kiwandani, linalozunguka Ngala, Barani na Watamu, naunga mkono kubaki hapa: intakula ya juu iliyo kubwa kidogo, povu zima na kinga ya turbo mahali pake.

Mbele, nyuma ya bampa. Hupata upepo safi na haipikwi na injini. Inafaa aliyeongeza busti, anayekwenda Mombasa mara kwa mara, au anayevuta mzigo mrefu kwenye njia ya Garsen. Lakini joto lote inalolitoa hewani huenda moja kwa moja kwenye kondensa na rejeta zilizo nyuma yake. Kwenye msongamano upepo pekee ni wa feni, na feni sasa ina ukuta mmoja zaidi wa kunyonyea. Ndiyo maana kiyoyozi hulalamika kwanza, mshale wa joto ukafuata.

Kwa hiyo kabla ya kuhamia mbele, rejeta yako iwe nzima na feni zote mbili zifanye kazi. Mshale unaosogea sasa hivi, kabla ya intakula, utasogea zaidi baadaye. Kwenye Subaru jua pia kwamba vali ya kuachia busti imefungwa juu ya intakula ya kiwandani. Ukihamia mbele ni lazima ipate makao mapya na mabomba yake.

Ya maji. Hewa hupozwa na maji yanayozungushwa na pampu hadi rejeta ndogo ya mbele. Mjini ni nzuri kwa kuwa maji hubeba mshtuko wa joto. Barabarani kwa muda mrefu, uwezo wake ni ule wa hiyo rejeta ndogo tu. Pampu ikifa, umekwisha. Ikivuja ndani, maji huingia kwenye injini. Kwa aliye mbali na fundi mzoefu simshauri kuanza upya na mfumo huu.

Baadhi ya Volkswagen za 1.4 TSI zina kipozeo cha maji ndani ya manifoldi tangu kiwandani. Mwenye gari kama hilo akiona joto limepanda, akague pampu na maji ya mfumo huo kabla ya kufikiria kukata bampa.

## Hatua ya 5: Chagua ukubwa na aina

Sasa toa kadibodi. Pima nafasi yako halisi, kata kadibodi kwa vipimo vya intakula unayoitaka, iweke mahali pake, funga boneti au shikilia bampa. Picha ya simu haikuonyeshi boliti ya ndoano ya kuvutia wala taa ya ukungu iliyo njiani.

Uso kwanza, unene baadaye. Upepo ukishapita nusu ya kwanza ya intakula nene tayari umepata joto, kwa hiyo nusu ya nyuma haina cha kupozea. Na kila sentimita ya unene humnyima rejeta pumzi. Kwa gari la barabarani huku kwetu, intakula ya mbele ikiwa na unene wa milimita 55 hadi 65 hunitosha. Zile za milimita 90 na 100 ni za magari ya mashindano yasiyo na kiyoyozi. Isifunike kondensa yote; acha sehemu iliyo wazi juu au chini.

Nguvu. Muuzaji atakuambia, "Hii inabeba farasi 600, boss." Gari lako lina 220. Chukua inayotosha nguvu zako halisi na theluthi moja zaidi. Ukubwa wa ziada huongeza hewa ya kujaza kabla busti haijafika, na turbo huitikia kwa uvivu.

Mirija na mapezi, au baa na bamba: hizi ni namna mbili za kuiunda. Ya mirija ni nyepesi, upepo hupita kirahisi na hupoa haraka ukianza kwenda baada ya kusimama. Ya baa na bamba ni nzito, hustahimili mawe na hubeba mvuto mfupi wa nguvu bila kushtuka, lakini ikishapata moto huchelewa kupoa. Mwenye kushinda mjini, nampa ya mirija. Mwenye kwenda Lango la Sala kila wiki kupitia Langobaya, na mawe yake, achukue baa na bamba.

Mapezi ya nje yasibanane mno. Yaliyosongamana huvutia macho dukani, lakini mchanga wa Gongoni na majani ya mvinje huyaziba kwa wiki chache. Ukiishika dhidi ya jua uone mwanga ukipita kwa wingi.

Mdomo wa bomba. Kwa farasi 150 hadi 250, inchi 2 hadi 2.5 zinatosha. Inchi 3 waachie wenye farasi 400 kwenda juu.

## Hatua ya 6: Kagua kabla ya kulipa

Dukani, iwe Mombasa au Kirinyaga Road Nairobi, usitoe pesa kabla ya kuangalia ndani ya midomo. Angalia kama weldi imeingia ndani na kuacha matone yanayoning'inia. Tone likikatika ndilo linalokwenda kwenye silinda. Tangi la pembeni liwe na umbo linalopanuka taratibu ili hewa igawanyike kwa mirija yote. La mraba, lenye kona kali, hupeleka hewa kwenye mirija michache na kuiacha mingine bila kazi.

Midomo iwe na ukingo ulioinuka pembeni. Bila ukingo, mpira huchomoka busti ikija, hata klipu ikibanwa vipi.

Mwambie muuzaji aizibe na kuitia hewa ndani ya maji. Anayekataa jaribio la dakika tano anajua anachokuuzia.

Mtumba ni sawa kwa sharti moja: ujue kwa nini ilitolewa. Ikiwa gari la awali lilivunja turbo, vipande vya chuma vimejificha kati ya mapezi ya ndani, na hakuna uoshaji utakaokuhakikishia vimetoka vyote. Hiyo iache hapo hapo, hata kwa bei ya bure.

## Hatua ya 7: Funga na uelekeze upepo

Intakula nzuri isiyo na njia ya upepo ni pesa iliyolala. Upepo hupita penye wepesi, kwa hiyo ukiona mwanya wa vidole viwili pembeni, jua hapo ndipo unapotorokea. Ziba pembeni na juu kwa bati jepesi la alumini, plastiki au povu, ili kila upepo unaoingia kwenye bampa upite ndani ya mapezi. Kati ya intakula na kondensa acha sentimita moja au mbili ili zisisuguane, na pembeni pazibwe pia.

Tumia mipira ya silikoni ya tabaka nne au tano, na klipu za boliti badala ya zile za skrubu za bomba la maji. Midomo iwe mikavu bila oili. Bomba lisiguse chasisi wala feni, kwa sababu injini hutikisika.

Chumvi ya bahari hufanya alumini na chuma vinapogusana vilane. Weka washa ya plastiki au mpira kati ya kishikio cha chuma na intakula, na upake grisi kwenye boliti. Ukitaka rangi nyeusi, pulizia mara moja, tabaka jembamba. Rangi nene ni blanketi.

Kabla ya kuwasha, rudia jaribio la sabuni la hatua ya 3. Usiruke.

## Hatua ya 8: Pima tena, njia ile ile

Saa ile ile, njia ile ile, kiyoyozi kimewashwa. Linganisha na daftari lako.

Mafanikio yanaonekana hivi: kwenye kilomita 80, hewa ya injini iko nyuzi 10 juu ya joto la nje au pungufu. Ukivuta kwa nguvu, inapanda taratibu na kurudi upesi. Mshale wa rejeta umebaki pale ulipokuwa, na kiyoyozi bado kinapoza ukisimama.

Ukiwa na geji mbili, pima busti kwenye mdomo wa kutokea wa turbo na kwenye manifoldi kwa wakati mmoja. Tofauti ya psi 1 hadi 2 ni nzuri. Ikizidi 3, intakula inaibana hewa, na turbo inalazimika kufanya kazi zaidi na kuipasha moto zaidi.

Joto la hewa likishuka huku mshale wa rejeta ukipanda, usiivue intakula kwa hasira. Angalia kuziba kwa pembeni, kisha feni, kisha usafi wa rejeta na kondensa, kwa mpangilio huo. Mara nyingi kondensa imejaa wadudu na udongo ambao sasa umepata kizuizi cha mbele pia.

Usipandishe busti siku hiyo hiyo. Endesha wiki moja, kaza klipu tena baada ya mipira kukaa, halafu ndipo uende kwa fundi wa kompyuta ukiwa na namba zako.

Baada ya hapo, isuuze kwa maji matamu kila ukitoka ufuoni au kwenye vumbi la bara. Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi, usikitumie kwa kazi hii. Hata wale wenye Subaru STI zenye kinyunyizio cha maji cha kiwandani wajaze maji safi tu, la sivyo chumvi itakauka juu ya mapezi. Desemba, kabla kaskazi haijakaza, fanya jaribio la sabuni na uangalie mwanga ukipita kwenye mapezi.

Na ikiwa umefuata yote, na bado hewa inatoka turbo ikiwa nyuzi 150 au zaidi kwa busti ya kawaida, tatizo haliko kwenye intakula tena. Turbo imechoka au busti halisi ni kubwa kuliko geji inavyosema. Kagua geji kwanza, halafu ushike mhimili wa turbo kwa vidole injini ikiwa imezimwa na kupoa: ukicheza hadi mabawa yakagusa ukuta, anza kutafuta turbo.